Mawingu Ndani ya Bafu

Shoti za mawingu zilizochomekwa katikati ya mauaji ya bafuni, katika Psycho ya Gus Van Sant ya mwaka 1998, ni kosa la ufundi, tena kosa kubwa. Filamu hiyo iliirudia ile ya Alfred Hitchcock ya 1960 karibu shoti kwa shoti, na filamu ya awali ilikuwepo pale pale kwenye seti kwa ajili ya kulinganisha. Mwongozaji aliyenakili kwa uaminifu kiasi hicho, kisha akaigusa dakika ambayo haikuhitaji kuguswa, alishika umbo la shoti bila kushika kazi yake.

Mwanzo wa filamu ya Van Sant hauna kasoro. Helikopta inatoka juu ya Phoenix hadi dirishani kwa shoti moja, jambo ambalo Hitchcock alilazimika kuliunganisha kwa vipande. Shoti hiyo ya angani ina kazi: inashuka kutoka mji mzima hadi chumba kimoja, na mtazamaji anakuwa mchunguliaji kabla hajalijua jina la Marion, mwanamke atakayeuawa bafuni. Droni zinazopaishwa leo mwanzoni mwa video nyingi za Bongo Fleva, zikaonyesha maghorofa kisha zisiende popote, hazijajifunza lolote hapo.

Mazungumzo ya Marion na Norman, mwenye moteli anakolala, nyuma ya ofisi ya moteli hiyo, nayo yamefuatwa vizuri. Katika filamu ya awali Marion anatazamwa kwa usawa wa macho, huku Norman akipigwa picha kutoka chini na pembeni, bundi aliyekaushwa akiwa juu yake na dari ikimwelemea. Somo la darasani kwamba engo ya chini humpa mhusika mamlaka limewapotosha wapiga picha wengi. Norman hana mamlaka yoyote pale. Anaonekana kama kiumbe aliyenaswa. Mwongozaji Orson Welles na mpiga picha wake Gregg Toland walilithibitisha hilo mapema katika Citizen Kane ya 1941, walipoichimba sakafu ya seti ili kamera ikae chini kabisa na kumtazama Kane, mhusika mkuu, na Kane wakati huo ametoka kushindwa uchaguzi. Engo haina maana ya kudumu. Maana hutoka kwa kilichomo ndani ya fremu.

Bafuni ndiko filamu hizi mbili zinakoachana. Hitchcock alitumia takriban wiki nzima na mipangilio 78 ya kamera kupata mikato 52 ya tukio hilo. Hesabu hiyo imezoeleka midomoni. Kinachosahaulika ni jinsi nafasi ilivyopangwa. Kwanza kamera inatulia. Bomba la mvua linaonekana kutoka chini yake moja kwa moja, maji yakipita pembeni mwa lenzi. Kisha kamera inasogea taratibu hadi Marion anatoka kwenye fremu na pazia tupu linatawala skrini, na hapo ndipo kivuli kinapojitokeza. Pazia likishavutwa, uso wa Marion unakuja kwa mikato ya haraka, kila mmoja karibu zaidi, hadi mdomo peke yake unaijaza skrini. Baada ya hapo ni vipande vifupi: mkono, kisu, tumbo, miguu, maji. Hata kamera inapopanda na kuwatazama wawili hao kutoka juu ya fimbo ya pazia, inachoonyesha ni ufinyu wa beseni la kuogea.

Kila shoti imo ndani ya kuta nne. Picha ya karibu hapa inatumika kunyima: uso wa muuaji hauonekani, mlango haumo kwenye fremu, kisu hakijulikani kimefika wapi. Mtazamaji analazimika kuyakamilisha mwenyewe, na hawezi kugeuka.

Mawingu yanayokimbia kwa kasi yanaibomoa kazi hiyo kwa sekunde chache tu. Mtazamaji aliyebanwa anafunguliwa dirisha. Jicho lililokuwa shubiri moja kutoka kwenye kisu linatupwa angani, na likirudishwa bafuni linarudi limepoa. Zaidi ya hayo, kila shoti inadaiwa jibu la swali moja: anayetazama ni nani? Shoti za 1960 zinajibu. Ni macho ya Marion, au ya muuaji, au ya kamera iliyofungiwa chumbani pamoja nao. Mawingu hayana mwenyewe.

Utetezi unaoweza kutolewa ni kwamba mawingu ni roho ya Marion ikitoka, na kwamba Sergei Eisenstein alifanya vivyo hivyo katika Strike ya 1925, alipochanganya kuchinjwa kwa ng'ombe na kuuawa kwa wafanyakazi. Mfano huo unazidi kumhukumu Van Sant. Eisenstein aliweka damu kando ya damu, uchinjaji kando ya uchinjaji, na kila mkato uliongeza uzito wa mauaji. Wingu linaupunguza. Isitoshe, picha ya roho kutoka ilipatikana tangu 1960 bila kamera kuondoka bafuni: maji yenye damu yanazunguka na kuzama kwenye tundu la beseni, shoti inayeyuka kuwa jicho la Marion, na kamera inarudi nyuma huku ikizunguka kutoka kwenye jicho lisilopepesa. Van Sant anayo shoti hiyo pia. Kile ambacho shoti hiyo ingekisema vizuri, alikuwa ameshakisema vibaya kwa mawingu.

Kosa lilelile linarudi ngazini, kwenye kifo cha Arbogast, mpelelezi anayemtafuta Marion. Hitchcock aliipandisha kamera hadi karibu na dari kwa sababu mbili: kuuficha uso wa muuaji, anayedhaniwa kuwa mama wa Norman, bila mtazamaji kuhisi kwamba unafichwa, na kuandaa mruko wa ghafla kutoka shoti pana ya juu hadi picha ya karibu ya uso uliokatwa. Mshtuko unatokana na mruko huo. Kisha Martin Balsam, mwigizaji wa Arbogast, aliyeketi kitini akipunga mikono mbele ya picha ya ngazi iliyopigwa mapema, anaporomoka kinyumenyume. Ujanja huo wa studio unaonekana wazi leo, na bado unafanya kazi, kwa kuwa jicho haliachilii uso wake. Van Sant alichomeka hapo mwanamke aliyefunikwa macho na ng'ombe barabarani. Ng'ombe wa Eisenstein alikuwa na kazi, huyu hana. Katika filamu ya 1960, tangu Arbogast anapofungua mlango hadi anapolala chini ya ngazi, kamera haitoki ndani ya nyumba ile hata mara moja.