Damu ya Mzee Iliyogeuka Kahawia

Waliohudhuria arusi ile ya hapa Mpanda, au waliouona mkanda wake baadaye, hawana haja ya kuambiwa ni dakika ipi ninayoikusudia: bibi arusi yu kizingitini, wapambe wake nyuma yake katika sare ya damu ya mzee, hadhira imekwisha simama, na fundi wa mataa, badala ya kuziacha halojeni zilizokuwa zikiwaka tangu magharibi, akazizima zote kwa mpigo na kuuachia ukumbi mzima taa za LED za 6500 K. Lilikuwa kosa, wala si dogo.

Sare ile, iliyokuwa nyekundu nzito yenye haiba, iligeuka kahawia ya chai iliyolala. Nyuso za wapambe, ambazo weusi wetu huzipa wekundu wa chini kwa chini, zikaingia kijivu. Na dhahabu shingoni mwa bibi arusi, katika mkoa unaochimba dhahabu, ikapauka hata mtu akashuku kuwa ni ya kuchovya. LED ya rahisi ni chembe itoayo buluu ya nanomita 450 hivi, iliyofunikwa kwa unga wa manjano, na kwa mchanganyiko wa viwili hivyo jicho huridhika kwamba limeona weupe. Walakini wekundu wa mbali, ule wa nanomita 630 na kuendelea, umo kwa uhaba mno, na kitambaa hakiwezi kurudisha nuru ambayo hakikupewa. Halojeni, pamoja na umanjano wake wote wa 3000 K, haina pengo, na wekundu ndio mali yake kubwa.

Wako wanaomlaumu mpiga picha kwamba hakupima weupe. Alipima, tena upesi, na vitambaa vya meza vikatoka vyeupe pepepe. Ila kupima weupe ni kuongeza na kupunguza mafungu matatu ya kamera, nako hakuumbi wekundu usiokuwamo. Mapambo yalipendeza na sauti ilisikika.

Nitaambiwa kwamba sanduku la taa liliandikwa Ra 80, hesabu ya uaminifu wa taa kwa rangi. Nimekwisha kulisema hili hata wasomaji wamechoka, nami sijachoka: hesabu ile ni wastani wa sampuli 8 za rangi zilizofifia, na nyekundu kali, R9, haimo kabisa, hivyo taa yaweza kujipatia 80 yake hali R9 inakaribia sifuri. Fundi anunuaye kwa wati na lumeni peke yake apewe maegesho ya malori ayamulike. (Wenye mabucha wanaowasha taa nyekundu juu ya nyama ya juzi wanaijua elimu hii barabara, ila kwa nia mbaya.)

Wazee walitushinda kwa mbali. Karabai, kwa kifuko chake cha thoriamu na chembe ya seriamu, ilikuwa na ukijani kidogo, lakini haikumnyang'anya mtu rangi ya nguo yake. Na muuza vitambaa wa zamani hakuthubutu kukata doti kabla ya kumtoa mteja mlangoni akaitazame juani. Dalali wa vito angali na adabu hiyo, maana ajua kwamba tanzanaiti ya Mererani huegemea buluu mchana na urujuani mbele ya balbu ya waya, na kwamba aleksandriti ya Tunduru, iliyo kijani juani, huwa nyekundu kwa mshumaa.

Umesalia utetezi wa umeme, nao si wa kudharauliwa katika mji ulioishi miaka mingi kwa mitambo ya dizeli. Lakini LED za 3000 K zenye Ra 95, ambazo R9 yake hupita 50, zipo, nazo hula umeme zaidi kidogo tu ya zile za 80, wala hazifiki hata nusu ya halojeni. Bei ndiyo iliyopanda. Na kamati iliyoweza kuwashonea wapambe wote sare mpya isingeshindwa kuongeza hapo.