Mafundi wa Ngozi wa Khoula

Maskati, ukiuliza pa kumpeleka mtu aliyeungua moto au aliyechanika uso ajalini, utaelekezwa Khoula. Hospitali hii ya serikali imejijengea jina kwa upasuaji wa kurekebisha maumbile, na jina hilo imelitolea jasho.

Ufundi huohuo unahitajika kwenye saratani ya ngozi, maana kuiondoa ni nusu ya kazi. Uvimbe ukishakatwa, linabaki shimo, na hapo ndipo fundi anapopima. Dogo hushonwa, au huachwa lijifunge lenyewe. Likiwa pana, huchunwa ngozi nyembamba pajani ikapandikizwa. Ila ngozi ya paja usoni ni kiraka cha kaniki kwenye kanzu: inaziba, haifanani. Ndiyo maana uso huazima zaidi nyuma ya sikio, panapokaribiana rangi.

Pua ndiyo mtihani. Ufundi wake mashuhuri ulitoka kwa jirani wa ng'ambo ya bahari, India: kipande cha ngozi ya paji la uso hukatwa, kikageuzwa na kushushwa puani kikiwa bado kimeshikana na mshipa wake wa damu. Waingereza waliusoma katika jarida la London mwaka 1794, wakastaajabu. Wahindi walikuwa nao tangu zamani za kale.

Wiki tatu hivi, mpaka kipande kizoee damu ya makazi mapya, mgonjwa hutembea na kijimkonga usoni. Kisha anarudi, shina likatwe, nyusi zinyooshwe.