Juu ya Neno "Chapisha"

Tumesoma tafsiri kadhaa za mafunzo ya kompyuta ambamo amri ya PRINT imefasiriwa "chapisha". Hatukubaliani nazo. Lugha ya BASIC ilipozaliwa katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, mwaka 1964, amri hiyo ilipiga chapa kwelikweli, kwani majibu yalitoka kwenye karatasi ya teletaipu. Viwambo vilipoenea, maandishi yakahamia huko, na BASIC ya Microsoft ikawa na amri ya pili, LPRINT, kwa ajili ya printa. Mwanafunzi anayeambiwa "chapisha" hungojea karatasi isiyotoka. Tena, kuchapisha ni kazi ya mwenye kitabu. Mpiga chapa huchapa. Twapendekeza "onyesha" kwa kiwambo na "chapa" kwa printa, ingawa wapo watakaotukumbusha kuwa kuchapa ni kupiga fimbo pia.