Divisheni za Charlie Chaplin

Kati ya Mei 1916 na Oktoba 1917, Charlie Chaplin aliitengenezea kampuni ya Mutual ya Marekani filamu fupi 12, kwa mkataba wa dola 670,000. Zote ni sinema bubu. Katika mabanda yetu ya video, picha ya kigeni humtaka mtu wa kuisimulia kwa Kiswahili, kazi iliyompa Lufufu jina. Chaplin hamhitaji msimulizi. Pale kijijini Mbalibali, mzee wa Kikurya na mjukuu wake wataangua kicheko kwa pamoja, bila mkalimani.

Nikizisahihisha kama mitihani, kipimo changu ni kimoja: anaweza kukaa na kitu kimoja kwa muda gani kabla kicheko hakijakauka?

The Fireman na The Count zinapata divisheni ya tatu. Mateke yapo, mbio zipo, ila hakuna anapotulia. The Floorwalker ni ya pili, kwa ile ngazi ya umeme inayomrudisha nyuma kila anapokimbia. The Rink inapanda kidogo: Chaplin, mhudumu wa mgahawa, anapiga hesabu ya bili kwa kukagua madoa ya chakula kwenye nguo za mteja. One A.M. inaingia divisheni wani bila ubishi, maana karibu muda wote yuko peke yake, mlevi anayepigana na ngazi, zulia na kitanda cha kukunja.

Halafu kuna The Pawnshop. Mtu analeta saa ya mezani kuweka rehani. Chaplin anaipima mapigo kama daktari, anaifungua kwa kifungulia makopo, ananusa ndani kama kuna kilichooza. Anashika koleo na kung'oa kama mganga wa meno. Anavuta utepe wa chuma na kuupima kwa mkono kama muuza vitambaa. Vipande vinapoanza kujinyonganyonga juu ya meza, anavimiminia mafuta. Mwishowe anavikusanya vyote kwenye kofia ya mteja, anatikisa kichwa: haifai.

Ufundi uko hapo. Kila tendo ni sahihi kabisa kwa kazi fulani, isipokuwa kazi aliyo nayo mkononi. Chaplin hatuangalii kutuomba tucheke. Na Albert Austin, mwenye saa, anatazama kimya. Angelalamika mapema, tungeanza kumwonea huruma na kichekesho kingekufa.

Juu ya hiyo naiweka The Immigrant. Mhamiaji asiye na kitu ameagiza chakula mgahawani kwa sarafu aliyoiokota, na sarafu imepenya tundu la mfuko. Kando yake, mteja aliyepungukiwa senti 10 anapigwa vibaya na wahudumu. Mabaki ya picha yaliyoonyeshwa mwaka 1983 katika makala ya televisheni Unknown Chaplin yanadhihirisha kwamba aliyeigiza mhudumu mwanzoni alikuwa Henry Bergman. Hakutisha vya kutosha. Chaplin akaitupa kazi hiyo, akaanza upya na Eric Campbell, pande la mtu lenye nyusi za kuogofya. Tangu hapo kila harage analotafuna mhamiaji lina hofu ndani yake, na kicheko kinapata uzito.

Kwa hiyo The Immigrant ni ya kwanza, na The Pawnshop inaifuata kwa alama chache. Mwenye saa alipoteza saa tu. Mhamiaji angepoteza meno.