Kuchagua Lenzi ya Zumu ya Masafa Marefu: Hesabu ya Kipenyo, Umbali na Mwanga

Lenzi ya zumu ya masafa marefu ni ile ambayo urefu wake wa fokasi hufika milimita 400 au zaidi, na mpiga picha huubadilisha kwa kuzungusha pete bila kuivua lenzi kwenye kamera. Hadi mwaka 2013, mwenye kamera ya DSLR na fedha za kawaida aliishia milimita 400 au 500. Aliyetaka lenzi bora zaidi ya hapo alilazimika kuingia katika daraja la wataalamu, ambako Canon EF 200-400mm f/4L, iliyotoka Mei mwaka huo, ilikuwa na uzito wa kilo 3.6 na bei ya karibu dola 11,800 za Marekani.

Pengo hilo lilizibwa ndani ya miaka mitatu. Novemba 2013 Tamron ilitangaza 150-600mm f/5-6.3 iliyouzwa dola 1,069. Septemba 2014 Sigma ilitangaza lenzi mbili za milimita 150-600, Contemporary na Sports. Novemba mwaka huohuo Canon ilitangaza toleo la pili la 100-400mm f/4.5-5.6L, kwa bei ya dola 2,199. Nikon ilifuata Agosti 2015 na 200-500mm f/5.6E ya takriban dola 1,400, na mwaka 2016 Tamron ikaleta toleo jipya la 150-600mm, linaloitwa G2. Leo lenzi hizi zinapatikana kwa wingi katika soko la mitumba, kwa kuwa wapiga picha wengi wamehamia kamera zisizo na kioo, na kwa anayeanza kupiga picha za wanyama au ndege ndizo zinazofikika. Swali ni ipi kati yake inamfaa nani.

Gharama ilivyopunguzwa

Namba ya f ni urefu wa fokasi uliogawanywa kwa kipenyo cha tundu ambalo mwanga hupitia. Kwa hiyo lenzi ya milimita 600 yenye f/4 inahitaji tundu la milimita 150, na kioo cha mbele hakiwezi kuwa kidogo kuliko hapo. Kioo kikubwa cha namna hiyo ni ghali kukisaga na kizito kukibeba. Lenzi ya milimita 600 yenye f/6.3 inahitaji milimita 95 tu, na ndiyo sababu Tamron na Sigma Contemporary hutumia filta ya milimita 95. Nikon, kwa milimita 500 na f/5.6, inahitaji takriban milimita 89, nayo imeangukia filta ya ukubwa uleule. Canon, kwa milimita 400 na f/5.6, inahitaji milimita 71 na hutumia filta ya milimita 77.

Hapo ndipo bei ilipopungua. Watengenezaji walikubali kupoteza mwanga ili wapate urefu. Kutoka f/4 hadi f/6.3 ni upungufu wa stopu moja na theluthi, maana yake kihisi cha kamera kinapokea takriban sehemu mbili kwa tano ya mwanga ambao lenzi ya f/4 ingeupitisha. Upungufu wa pili ni kwamba tundu la lenzi za 150-600 hujifunga kadiri zumu inavyovutwa: huanza f/5, na zikipita milimita 400 na kitu huwa zimeshafika f/6.3. Nikon ya 200-500 hubaki f/5.6 mwanzo hadi mwisho, jambo linalorahisisha kazi ya anayepanga mwanga kwa mkono.

Umbali na ukubwa wa mnyama

Upana wa eneo linaloingia kwenye picha hupatikana kwa kugawanya upana wa kihisi kwa urefu wa fokasi, kisha kuzidisha kwa umbali. Kwenye kamera ya fulufremu, ambayo kihisi chake kina milimita 36 kwa 24, lenzi ya milimita 600 huonyesha upana wa mita 3 kwa mnyama aliye mita 50. Milimita 500 huonyesha mita 3.6, na milimita 400 huonyesha mita 4.5. Kwenye kamera zenye kihisi kidogo cha APS-C eneo hilo hupungua kwa mara 1.5 kwa Nikon na 1.6 kwa Canon, hivyo milimita 600 hubakiza chini ya mita 2.

Tofauti kati ya 500 na 600 ni ndogo kuliko inavyosikika dukani. Picha iliyopigwa kwa milimita 500 na kamera ya Nikon D500, yenye pikseli milioni 20.9, ikikatwa ili ilingane na ya milimita 600, hubaki na pikseli takriban milioni 14.5. Hizo zinatosha kwa ukurasa mzima wa gazeti. Picha ya milimita 400 ikikatwa kufika hapohapo hubaki na asilimia 44 ya pikseli zake, yaani kama milioni 9. Hapo upungufu unaanza kuonekana, hasa kwa ndege wadogo: ndege wa sentimita 30 aliye mita 20 hujichora milimita 9 tu juu ya kihisi hata kwa milimita 600, na kwa milimita 400 hujichora milimita 6.

Upande mfupi wa zumu una umuhimu uleule, nao husahauliwa mara nyingi zaidi. Katika mbuga za Afrika Mashariki gari hutakiwa kubaki barabarani, na mnyama ndiye huamua umbali. Tembo wa Tarangire au Amboseli anaweza kuvuka njia mita 15 mbele ya gari. Kwa kamera ya fulufremu, milimita 100 huonyesha urefu wa mita 3.6 kwa umbali huo, na tembo mzima mwenye kimo cha mita 3 anaingia. Kwa milimita 150 urefu ni mita 2.4, na kwa milimita 200 ni mita 1.8, hivyo hukatwa kichwa au miguu. Anayebeba kamera moja na lenzi moja hapaswi kulipuuza jambo hili. Mwenye kamera ya pili yenye lenzi ya 70-200 hana hasara akianzia milimita 200.

Mwanga na mtikisiko

Simba na chui huhangaika zaidi alfajiri, jioni na usiku. Saa ambazo picha ni nzuri ndizo ambazo mwanga ni haba, na f/6.3 hudai malipo yake hapo. Kanuni ya zamani husema kasi ya shata isipungue moja chini ya urefu wa fokasi. Kwa milimita 600 ni sekunde 1/600, na kwenye kihisi cha APS-C ni karibu 1/1000. Mfumo wa kutuliza picha, ambao Nikon huukadiria kuwa wa stopu 4.5 kwenye 200-500, huruhusu kushuka chini ya hapo. Lakini mfumo huo hutuliza mkono wa mpiga picha pekee. Duma anayekimbia bado anahitaji 1/1000 au zaidi, na ndege anayeruka 1/2000. Kwa hiyo lenzi yenye f/6.3 humlazimisha mtu kupandisha ISO, na ubora wa kamera katika ISO ya juu huwa sehemu ya uchaguzi wa lenzi.

Kamera pia huamua kama lenzi itaweza kufokasi. Mifumo ya kufokasi ya DSLR ilibuniwa kwa lenzi zinazofika f/5.6, na vituo vichache tu hufanya kazi hadi f/8. Canon 7D Mark II ina vituo 65, na kwa f/8 hubaki kituo kimoja cha katikati. Nikon D500 ina vituo 153, na 15 kati yake hufanya kazi kwa f/8. Kwa sababu hiyo telekonvata ya 1.4x, kifaa kinachofungwa kati ya lenzi na kamera, haiongezi urefu bure. Huigeuza Canon 100-400 kuwa milimita 560 kwa f/8, na Nikon 200-500 kuwa milimita 700 kwa f/8, lakini kufokasi huwa polepole na ndege arukaye huponyoka. Juu ya lenzi ya f/6.3 huzidi f/8 kabisa, na haishauriwi.

Wenye kamera kongwe za Nikon wana tahadhari nyingine. Herufi E katika jina la 200-500mm f/5.6E inaonyesha kwamba tundu lake huendeshwa kwa umeme, na kamera kama D90 na D200 haziwezi kuliendesha. Lenzi itafunga vizuri kwenye kamera hizo, lakini tundu halitabadilika.

Uzito na mazingira ya kazi

Canon 100-400 ina uzito wa kilo 1.6 hivi. Sigma Contemporary ina kilo 1.93, Tamron ya kwanza 1.95, na G2 kama 2. Nikon pamoja na pete ya stendi ina kilo 2.3. Sigma Sports ina kilo 2.86, na filta yake ni ya milimita 105. Tofauti ya kilo moja hudharauliwa dukani na kuhisiwa mchana kutwa. Anayepiga picha za ndege akitembea kwa miguu, katika misitu ya Usambara au Kakamega, atazitumia mara nyingi zaidi lenzi zisizozidi kilo 2. Anayekaa ndani ya gari hujali kidogo, kwa sababu lenzi hulazwa juu ya kimfuko cha maharage au mchele kwenye dirisha au ukingo wa paa lililofunguliwa. Kimfuko hicho hutuliza lenzi vizuri kuliko stendi ndani ya gari, mradi dereva azime injini. Anayeruka kwa ndege ndogo za mbugani akumbuke kwamba mizigo mara nyingi huwekewa kikomo cha kilo 15, pamoja na kamera.

Vumbi la kiangazi huingia kwenye lenzi zinazorefuka zikivutwa, na zote sita hurefuka. Sigma Sports ndiyo iliyokingwa zaidi dhidi ya vumbi na maji, na uzito wake ni sehemu ya gharama ya kinga hiyo. Pwani adui ni unyevu. Lenzi iliyokaa kabatini Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar bila vidonge vya kukausha hewa hushika ukungu ndani ya vioo, na kuuondoa ni kazi ya fundi.

Kuna pia kasoro isiyotokana na lenzi hata kidogo. Saa za mchana, joto linalopanda kutoka ardhini huifanya hewa kucheza, na mnyama aliye mita 200 hutoka mwenye kingo zilizoyeyuka. Milimita 600 hukuza mnyama na hewa hiyo kwa pamoja. Wengi huilaumu lenzi na kuiuza, ilhali dawa ni kusogea au kungoja alfajiri.

Kupima kabla ya kulipa

Lenzi mbili za jina moja huweza kutofautiana, na za mitumba zaidi. Kipimo cha kwanza ni kupiga picha ya ukuta wa matofali au ukurasa wa gazeti kwa urefu wote wa zumu, tundu likiwa wazi kabisa kisha f/8, na kulinganisha pembe nne za picha. Pembe moja ikififia kuliko nyingine tatu, kioo kimojawapo ndani kimehama. Kipimo cha pili ni kufokasi kitu kilichosimama wima mara kadhaa na kuona kama ukali huangukia mbele au nyuma yake. Kosa hilo hurekebishwa kwenye menyu ya kamera nyingi za daraja la kati na juu. Lenzi za Sigma na Tamron G2 huweza pia kurekebishwa na kusasishwa nyumbani kwa kifaa kinachounganishwa na kompyuta. Tamron ya kwanza haina uwezo huo na hupelekwa kwa fundi. Jambo hilo ni kubwa kwa anayefikiria kuhamia baadaye kamera isiyo na kioo, kwani lenzi za watengenezaji wa nje zimewahi kuhitaji programu mpya ili zielewane na kamera mpya. Mwisho, taa ya simu ikimulikwa ndani ya lenzi huonyesha ukungu na mikwaruzo ambayo macho hayaioni dukani.

Uamuzi

Kwa mwenye Nikon isiyo kongwe anayefanya kazi akiwa ndani ya gari, 200-500mm f/5.6E ndiyo inayotoa mwanga na ukali mwingi kwa fedha zake. Kwa mwenye Canon anayekutana na wanyama wakubwa na wadogo kwa siku moja, 100-400mm toleo la pili ndiyo kamilifu, kwa uzito na kwa kufokasi karibu hadi chini ya mita moja. Kwa mpenda ndege anayetembea, Sigma Contemporary au Tamron G2 humpa milimita 600 kwa kilo 2, mradi akubali kufanya kazi kukiwa na mwanga wa kutosha. Sigma Sports inamfaa yule tu ambaye vumbi na mvua ni sehemu ya kila siku na ana mahali pa kuegemeza. Anayesita baina ya mbili na aazime au akodi kwa siku moja, apige alfajiri, mchana na jioni, ndipo alipe.