Kabla ya Kumwita Winga wa Majuu

Wikendi ya Dala Sevens pale Mamboleo, Kisumu, mabishano huanzia raga ya saba na kuishia ya kumi na tano. Shujaa, timu ya taifa ya Kenya ya raga ya saba, wakishachambuliwa, mtu hugeukia Simbas, wale wa kumi na tano: "Waiteni wale vijana wa majuu, mambo yatanyooka." Anayetajwa karibu kila mara ni winga. Si ajabu. Jicho la shabiki wa hapa limelelewa na raga ya saba, ambako skramu ni watatu kwa watatu na huisha kabla hujameza mate.

Tazama 2022. Julai, kule Ufaransa, vijana wa kocha Paul Odera waliilaza Algeria 36-33 katika nusu fainali ya Kombe la Afrika, na Algeria hiyo ilisheheni wachezaji wa klabu za Ufaransa. Fainali, Namibia wakatunyamazisha 36-0. Novemba ukaja mchujo wa mwisho wa Kombe la Dunia kule Dubai: Marekani 68-14, Ureno 85-0, Hong Kong 22-18. Tulifungwa pointi 175 katika mechi tatu.

Skramu ya kumi na tano husukumwa na wanane kila upande, na kazi chafu ni ya propu wa kulia. Kichwa chake huingia kati ya propu wa kushoto na huka wa wapinzani, kwa hiyo hubeba nguvu za watu wawili. Mabega yakishuka chini ya nyonga, au mkono ukiachia jezi, refa anapuliza penalti. Wapinzani wanapiga mpira nje, laini-auti inarushwa mita tano kutoka mstari wetu, kundi linajifunga kuuzunguka mpira na kusukuma hadi ndani. Winga wako wa majuu hajaugusa. Sisemi 85 za Ureno zote zilikuja hivyo. Mabeki wao wana mbio.

Kanuni ya 9 ya World Rugby huzilazimisha klabu kuwaachilia wachezaji katika vipindi vya mechi za kimataifa, Julai na Novemba, lakini ni siku chache tu kabla ya mechi. Winga anaweza kushuka ndege Jumatatu na kung'ara Jumamosi. Propu kwanza alizoee bega la huka wake na msukumo wa aliye nyuma yake, na hilo ni suala la wiki kadhaa.

Marehemu Benjamin Ayimba, zao la Maseno, jirani na Kisumu, hukumbukwa kama kocha wa Shujaa walioicharaza Fiji 30-7 Singapore mwaka 2016. Wachache hutaja kwamba yeye mwenyewe alikwenda majuu, Cornish Pirates ya Uingereza, akiwa fowadi, si winga.

Basi aitwe propu wa kulia kwanza, na klabu yake iombwe mapema imwachie kabla ya muda wa lazima. Hong Kong walitushinda kwa pointi 4. Penalti mbili za skramu, zikipigwa katikati ya milingoti, ni 6.