Ndege nafuu ya mwanafunzi: uliza kwanza inakunywa nini

Kijana wa Kwaluguru, Handeni, anayesomea urubani akiulizia ndege ya bei nafuu, wa kwanza kumjibu atamtajia Cessna 152 iliyotumika. Si ushauri mbaya. Ni ndege tulivu, mafundi wanaijua, na duniani kote imefundisha watu wengi. Ila ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 1985, na injini yake ya Lycoming iliundiwa avgasi, petroli ya ndege ambayo hutaikuta sheli yoyote ya Mkata wala Korogwe.

Sasa pita Mziha na Turiani uingie Morogoro. Hapo kampuni ya Airplanes Africa Limited inaunganisha Skyleader 600, ndege nyepesi ya viti viwili iliyobuniwa Ucheki. Ndege za kundi hili nyingi hufungwa injini ya Rotax 912 ULS kutoka Austria, yenye nguvu za farasi 100, na mimi naona uamuzi wote wa kununua umejificha kwenye injini hiyo.

Tupige hesabu. Leseni ya rubani binafsi kwa kawaida inataka saa 40 angani. Rotax ikinywa lita 18 kwa saa, hizo ni lita 720. Cessna 152 ikinywa 23, ni 920. Tofauti ya lita 200 haimtajirishi mtu. Kinachompa nafuu mwanafunzi ni kwamba Rotax inakubali petroli ya gari isiyo na risasi, mradi oktani isipungue 95. Tena avgasi ndiyo inayoisumbua, kwa sababu risasi yake huganda ndani ya injini na oili hulazimika kubadilishwa mapema.

Petroli ya sheli nayo ina kero zake. Ndege ikiachwa juani saa saba mchana, petroli huweza kugeuka mvuke ndani ya mabomba na injini ikakosa mafuta wakati wa kuruka. Maji pia hujipenyeza, kwa hiyo kila asubuhi chota kidogo chini ya tanki na ukitazame kwenye chupa angavu.

Injini hii ina adabu zake. Kabla ya kupima oili, swichi zikiwa zimezimwa, unazungusha propela kwa mkono, polepole, kwa upande inaozungukia, mpaka usikie tanki la oili likibwabwaja. Hapo ndipo unachomoa kijiti cha kupimia. Fundi aliyezoea Lycoming peke yake anaweza kusoma kijiti bila kuzungusha, akaona oili pungufu, akajaza kupita kiasi. Basi uliza fundi wa Rotax yuko wapi kabla ya kuuliza rangi ya viti.

Uzito ndio unaowaumbua wengi. Marekani ilipoanzisha kundi hili la ndege nyepesi mwaka 2004 iliweka ukomo wa kilo 600 kwa ndege za nchi kavu. Kanuni mpya za 2025 zimelegeza, lakini nyingi zilizo sokoni zilibuniwa kwa ukomo ule. Chukulia ndege tupu ina kilo 350, mwalimu 95, mwanafunzi 75. Zinabaki kilo 80 za mafuta, kama lita 110, saa sita angani. Muuzaji akikushawishi uongeze skrini, rubani wa kujiendesha na mapambo mengine mpaka ndege tupu ifike kilo 390, unabaki na lita 55. Hizo ni saa tatu, kabla hujatoa akiba ya dharura. Umelipia vikorokoro kwa mafuta yako mwenyewe.

Joto nalo linakata nguvu. Handeni mjini ni mita zipatazo 700 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 32, kwa ndege ni kama kuruka kutoka mita 1,500. Farasi 100 wanabaki kama 85, na kiwanja kilichotosha alfajiri kinakuwa kifupi. Mazoezi yafanyike asubuhi.

Na kabla ya kulipa hata shilingi, nenda Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ukaulize kwa maandishi kama saa za ndege hiyo, kwa usajili wake, zitahesabiwa kwenye leseni unayoitaka. Wakisema hapana, kodi ndege ya chuo saa kwa saa, na pesa ya kununua ikae benki mpaka leseni ipatikane.